Furu wa Kulia

Pale mwalo wa Nkome, wavuvi wanakopakulia samaki, mtu akitaka kukisifu kitu kinachokwenda sawasawa, uwe mtumbwi mpya uliotoka kwa seremala au bibi harusi anayeingia kanisani kwa madaha, husema, "Tazama, anaogelea kama furu wa Jilala." Wageni huuliza huyo Jilala ni nani, na furu wake wana nini kuliko furu wa Mungu, wale samaki wadogo wa ziwani. Enzi za uhai wake walielekezwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Humo alikaa mzee mwembamba, kofia yake ya pama imeliwa na panya ukingoni, akichonga samaki wa mti.

Samaki wenyewe walikuwa wadogo, mmoja alitosha kiganjani. Aliwachonga kwa ule mti mwepesi unaoota majini kandokando ya ziwa, ambao watoto huutengenezea mitumbwi ya kuchezea. Tumboni aliwatia kipande cha risasi ili wasimame wima ndani ya maji. Mdomoni aliwapachika ulimi wa bati uliokatwa kwenye sinia kuukuu, na puani pete ndogo ya waya ya kufungia mshipi. Ubavuni aliwapaka rangi ya kucha, nyekundu na ya fedha, aliyoinunua dukani kwa Zuwena, mpaka Zuwena akamtania kwamba anamaliza rangi kuliko maharusi wote wa Geita. Mvuvi akimburuza samaki wa namna hiyo nyuma ya mtumbwi, sangara huko chini humwona furu mgonjwa anayehangaika. Hamwonei huruma. Humvamia, na ndoano iko palepale inamngoja.

Kuchonga, wengi waliweza. Hata Herman, mvuvi mwenye mikono kama makasia, aliwahi kuchonga wake. Alielea kama kipande cha muhogo, watu wakacheka hadi jua likazama. Kazi ilikuwa baada ya kuchonga. Jilala alisema samaki wa mti huzaliwa hajui kuogelea, hivyo lazima afundishwe. Alimtia majini, akamvuta, akamtazama, akamtoa. Aliikunja ile pete ya puani kwa plaizi, kidogo sana, kiasi kwamba jicho halikuona tofauti, kisha akamrudisha. Pengine aliukwangua ulimi kwa tupa mara moja tu. Akamrudisha tena. Aliendelea hivyo mpaka mkia uanze kupiga, chap, chap, chap, na mshipi utetemeke mkononi.

"Kidogo, Limi," alimwambia binti yake. "Unamshika mtoto sikio. Humng'oi."

Limi alikuwa mtoto wake wa kwanza. Tangu alipomaliza kidato cha nne alikuwa akikaa kwenye kile kibanda, akichonga, akipiga msasa, akipaka rangi. Watu walipomwuliza kwa nini haendi mjini kutafuta kazi, alijibu kwamba kazi anayo. Lakini kufundisha kulibaki kwa baba yake, na baba yake hakuwa mtu wa kueleza. Alionyesha. Alimshika Limi mkono, akauzungusha na plaizi ndani yake, akamwachia. Kama ni upande, aliuonyesha kwa kidevu: huku, kule. Limi alidhani ni uchache wa maneno tu. Wanaume wa Kisukuma wengi wako hivyo, hasa waliokulia na ng'ombe.

Miguu ya mzee ilipoanza kuvimba na pumzi kuwa fupi, alikuwa na kazi moja mkononi. Herman alikuwa ameomba jozi. Mvuvi anayeburuza mishipi miwili ana tabu moja: mtumbwi ukikata kona, mishipi husukana kama nywele. Dawa ya Jilala ilikuwa kutengeneza samaki wawili wasiokwenda moja kwa moja. Wa upande huu wa mtumbwi alifundishwa kujitenga kidogo nje, na wa upande ule vivyo hivyo, kama watu wawili waliogombana wanaotembea njia moja. Jozi za namna hiyo hakuna mwingine aliyeziweza mwalo mzima.

Alimchonga wa kwanza akiwa ameegemea ukuta, mto mgongoni. Alimtia risasi mwenyewe, akampachika ulimi mwenyewe. Limi alitaka kumsaidia, akakataliwa kwa kutikiswa kichwa. Siku samaki alipokamilika, kabla hajafundishwa, mikono ya mzee ilikuwa haiinuki tena. Ililala juu ya blanketi kama vitu vya mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akabaki na maneno matupu.

"Huyu ni wa kulia," alisema, akimtazama samaki kwenye kiganja cha Limi. "Usimnyooshe. Mwache aende kulia."

"Ndiyo, baba."

"Mwenzake utamchonga wewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho ya kazi. Mengine baada ya hapo yalikuwa ya maji na ya shuka. Akaondoka alfajiri, kabla mitumbwi haijarudi.

*

Mdogo wake Jilala, Thobias, alifika kutoka Songwa kwa ajili ya msiba, akabaki kusubiri siku ya kuanua matanga. Alikuwa mtu mpole, mwenye vumbi jeupe lisilotoka kwenye mikunjo ya vidole, kwa kuwa maisha yake yote alichekecha mchanga akitafuta almasi ndogo ndogo. Limi alimpenda. Ndiyo maana alichosema kilimchoma.

Walikuwa wamekaa mbele ya kibanda, yeye, Thobias na mzee Sufiani, mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana. Sufiani alizaliwa Shinyanga mjini, lakini babu yake alikuwa Mzaramo, na Mzaramo kwa Msukuma ni mtani. Kwa hiyo tangu msiba uanze alikuwa hajamwacha mtu salama.

"Sanduku la kaka," Thobias alianza, akiligusa sanduku la mbao lenye visu, tupa, plaizi na samaki kumi na kitu waliobaki. "Siku ya matanga nitalibeba kwenda nalo nyumbani."

"Songwa?" Limi aliuliza. "Baba mdogo, Songwa hakuna ziwa."

"Kuna ukuta. Tutawatundika, watoto wamjue babu yao."

"Samaki atundikwe ukutani kama kalenda?"

"Kalenda ina nafuu," Sufiani alidakia. "Mwaka ukiisha inashushwa. Hawa maskini watakaa na mijusi mpaka kiama."

Thobias hakucheka. "Mwanangu, nisikilize. Kaka aliondoka nyumbani kijana, akaja kuwapa ninyi huku kila alichokuwa nacho. Sisi tulibaki na jina lake tu. Kwetu sanduku la fundi huenda kwa fundi, hilo nalijua. Kungekuwa na fundi, nisingefungua mdomo."

"Fundi yupo."

"Nani?"

"Mimi."

Thobias alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko dharau. "Wewe unachonga. Nimeambiwa unachonga vizuri. Lakini kila ninayekutana naye hapa ananiambia kuchonga si kitu, kitu ni kufundisha. Umefundisha samaki yupi, Limi?"

Limi aliingiza mkono mfukoni, akamtoa yule wa mwisho, amefungwa kwenye kitambaa.

"Huyu. Baba aliniachia mimi."

"Basi vizuri. Siku ya matanga tumwone majini, mbele ya watu. Akiogelea, sanduku libaki hapa na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Asipoogelea, usinilaumu."

"Sitakulaumu," Limi alisema.

*

Kesho yake asubuhi alishuka ziwani, maji yakimfika magotini, akiwa na fimbo na mshipi mfupi. Alimtia samaki majini bila kumgusa pete, atazame kwanza tabia yake. Samaki akaamka, akapiga mkia, kisha akaanza kuvutia kushoto.

"Wewe ni wa kulia," Limi alimwambia. "Hujasikia?"

Akamtoa, akaikunja pete kulia, kidogo, kama kushika sikio. Akamrudisha. Samaki alitetemeka mara mbili, akalala ubavu, akaburuzika kama jani.

Akaikunja tena. Safari hii alipinduka kabisa, tumbo juu, akazunguka na kuusokota mshipi. Limi alimtoa, akaunyoosha mshipi, akaanza upya. Alijaribu kumvuta taratibu. Alijaribu kumvuta haraka. Alibadilisha mshipi mnene akafunga mwembamba. Samaki alilewa vilevile.

Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa mchangani walianza kumwona.

"Limi! Unatembea na kifimbo kando ya maji tangu asubuhi, unafanya nini?"

"Anachunga!" mwingine alijibu kwa niaba yake. "Ninyi Wasukuma nyie, ng'ombe wamewaishia, sasa mnachunga samaki!"

"Mpeleke juu malishoni, huko kuna nyasi!"

Limi alicheka pamoja nao, maana asiyecheka pale hubebeshwa jina la kudumu. Lakini moyoni hakucheka. Siku zilizofuata alishuka tena na tena, na kila mara jambo lilikuwa lilelile. Akimwacha alivyo, anavutia kushoto. Akimlazimisha kulia, anakufa majini. Hakuwahi kumkunja upande wa kushoto. Kwa nini amkunje? Maneno ya mwisho ya mzazi hayapindwi kama waya.

Alasiri moja alimgeuza samaki tumbo juu, akamchunguza mbele ya mwanga wa mlango. Ndipo alipoona. Ule mstari wa gundi uliofunika risasi haukuwa katikati ya tumbo. Ulikuwa umesogea kushoto, upana wa punje ya mchele. Na ulimi wa bati nao, ukiutazama sana, ulikuwa umeinama upande uleule.

Limi alikaa chini. Baba yake, ambaye aliweza kuona kwa kupapasa tu kwamba tumbo la samaki ni zito kuliko mgongo, alikuwa amekosea katikati. Mikono ile ilikuwa imechoka kiasi hicho, na yeye hakuona. Alikuwa ameketi kando yake akikoroga uji.

Hakulia. Alichukua chupa ya rangi ya fedha, akaupaka ule mstari mpaka ukapotea. Kama samaki angeshindwa, ashindwe yeye mwalimu. Mtu asije akamgeuza, akaona, akasema mzee alimalizia vibaya. Siku zote watu walisema furu wa Jilala, na wataendelea kusema hivyo.

Kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Sufiani, kanzu imekunjwa hadi magotini kwa sababu ya matope ya mwalo.

"Shikamoo, Baba Samia."

"Marahaba. Mwanafunzi wetu amefika darasa la ngapi?"

"Chekechea," Limi alisema, akimfunika samaki kwa kitambaa.

"Mbona unamficha? Ana surua?"

"Rangi mbichi."

Sufiani alimtazama uso, akaacha mzaha. Akachuchumaa. "Limi, kuna jambo?"

Limi alitaka kumwambia, akashindwa. Akauliza kwa kuzunguka, "Baba Samia, katika miaka yote hiyo, baba aliwahi kukosea samaki?"

"Jilala? Samaki? Hapana." Halafu kitu kikamjia, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko cha peke yake. "Mtumbwi alikosea. Samaki, hapana." Akainuka, akaondoka huku bado anacheka, na Limi hakuwa na moyo wa kumwuliza anacheka nini.

*

Siku ya matanga watu walijaa mpaka nje ya ua. Walikuja wavuvi kutoka visiwani, wateja kutoka Masumbwe, na hata vijana wa machimboni ambao marehemu aliwatengenezea samaki wa kuvulia siku za mapumziko. Kondoo alichinjwa. Wanawake walisonga ugali kwenye masufuria ya shughuli. Limi alikuwa amevaa gauni lake jeusi, na samaki alikuwa mfukoni. Alfajiri ile alimjaribu kwa mara ya mwisho, akapinduka.

Alikuwa ameshaamua atakavyosema: kwamba yeye hakuweza. Mikono yake. Basi.

Kabla chakula hakijaanza kuliwa, kelele zilizuka upande wa kibanda. Watu wakapisha. Mtani alikuwa amejitokeza.

Sufiani alikuwa amevaa pama ya marehemu, ile iliyoliwa na panya, na shati lake la kazi lenye madoa ya rangi ya kucha. Alitembea kama Jilala, goti moja likikataa kukunja. Alikohoa kama Jilala. Alikaa kwenye kigoda cha Jilala, akawatazama waombolezaji kwa yale macho ya kufumba nusu, na watu wakaanza kushika mbavu kabla hajasema neno.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma kibovu.

"Mwangaluka!" ua wote ukaitikia.

"Naona mmekuja wengi. Kunililia hamkuja. Mmefuata kondoo."

Vicheko. Mama mmoja alijifuta machozi, na haikujulikana ni ya aina gani.

"Nileteeni ugali. Huko nilikokwenda wanakula mawingu."

Akaletewa sahani na maji ya kunawa. Akanawa mkono mmoja tu, wa kushoto, kwa makini kabisa, kidole kwa kidole, kisha akaupeleka kwenye sahani. Ua ukalipuka. Wote walimkumbuka Jilala na mkono wake huo.

"Baba Samia!" Herman alipaza sauti. "Wewe Mwislamu safi, leo unakula kwa kushoto?"

"Sufiani hayupo. Mimi ni Jilala wa Songwa," alijibu, akilifinyanga tonge hewani na kulikomesha kidevuni bila kulitia mdomoni. "Na huu, we mvuvi wa mihogo, ndio mkono wangu wa kulia."

Watu walicheka. Limi naye alianza kucheka, kisha akaukazia macho mkono ule.

Sufiani aliivua pama, akawa yeye mwenyewe kwa muda. "Hamjui hiki kisa. Alipofika hapa alikuwa anajua ng'ombe na vumbi, basi. Nikampa kasia, tukaenda kisiwani kuchukua sato. Mbele yetu jiwe kubwa. Nikamwambia, Jilala, peleka kulia! Akapeleka kushoto. Nikasema kulia, wewe, kulia! Akazidisha kushoto kwa nguvu zote za ugali aliokula. Pu! Mimi ndani ya maji, kanzu juu kama mwavuli."

"Eee!"

"Tumefika nchi kavu, nimelowa, namwuliza: we Msukuma, kulia hukujui? Akanyanyua huu." Sufiani alinyanyua mkono wa kushoto. "Akaniambia kwa upole wake ule, 'Sufiani, mkono wa kulia si ule mtu anaolia ugali? Mimi nalia huu. Nimekwenda kulia kama ulivyosema.' Sasa hapo utamgombeza vipi?"

Ua ulicheka mpaka kuku wakakimbia.

"Nikamtangaza mwalo mzima," Sufiani aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Watu wakamcheka sana. Akaona haya. Tangu hapo hakuyatamka tena hayo maneno mbele za watu, akawa anaonyesha kwa kidevu. Lakini mimi nilikuwa rafiki yake. Najua mpaka anakufa, kichwani mwake kulia kulikuwa huku." Akaupigapiga mkono wa kushoto, akairudisha pama kichwani, haraka, ikafunika macho.

Limi alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umemshika samaki kwa nguvu hata ndoano ikamchoma, na hakusikia maumivu.

Huyu ni wa kulia. Usimnyooshe. Mwache aende kulia.

Risasi imesogea kushoto. Ulimi umeinama kushoto. Mkono ule haukukosea hata punje ya mchele. Punje ile yenyewe iliwekwa makusudi.

Alipita katikati ya watu, akaingia kibandani, akatoka na plaizi.

"Limi, chakula!" mtu alimwita.

"Kitapoa," alisema, na akaelekea ziwani.

*

Walimfuata. Wa kwanza alikuwa Thobias, kisha Sufiani na shati la marehemu, kisha Herman, halafu ua wote, wengine na matonge mkononi. Limi hakuwatazama. Aliingia majini na gauni lake jeusi. Aliishika pete ya samaki kwa ncha ya plaizi, akairudisha katikati, akaipeleka kushoto. Kidogo. Kama kushika sikio.

Akamfunga mshipini, akamtia majini, akaanza kutembea.

Samaki aliamka. Alipiga mkia mara moja, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi, kisha akashika mwendo: chap, chap, chap, chap. Ubavu wa fedha ukawaka na kuzima, ukawaka na kuzima. Wala hakulala, wala hakupinduka. Alijitenga kushoto, kipimo kilekile, kama ng'ombe anayeijua njia yake, na Limi alipogeuka kurudi, naye akageuka, akashika tena kushoto kwake.

Yule mama aliyemtania juu ya kuchunga ndiye aliyeanza kupiga kigelegele, na baada yake haikuwezekana kusikia kitu.

Herman alisukuma mtumbwi majini bila kuambiwa. "Mzee Thobias, panda."

"Mimi ni mtu wa nchi kavu."

"Panda, jamani. Ulisema utamwona majini. Hapo ulipo unaona maji tu."

Thobias alipanda, ameshikilia kingo zote mbili. Limi alikaa nyuma yake, akauachia mshipi mrefu upande wa kushoto wa mtumbwi, kisha akamwekea mkononi. Herman akaanza kupiga kasia. Walipokwisha kuyaacha maji ya kina kifupi, Thobias alishtuka.

"Kuna kitu kinanigonga."

"Ndiye huyo."

"Samaki amekula?"

"Hapana, baba mdogo. Ndiye huyo mwenyewe. Anaogelea."

Thobias alifumba macho. Vidole vyake vyenye vumbi jeupe vilitulia kwenye mshipi. Alikaa hivyo muda mrefu, na uso wake ukalegea kidogo kidogo.

"Chekeche," alisema. "Likiwa mkononi linatikisika hivihivi. Sisi wawili tulichekecha pamoja tukiwa wadogo, kabla hajaondoka. Yeye upande mmoja, mimi upande mmoja. Nilikuwa naupata mkono wake kupitia lile chekeche." Akafumbua macho. "Na huu ni mkono wake."

"Ni mkono wake," Limi alisema. Kisha akaongeza, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu baba yake asingependa aifiche, "Na wangu."

"Na wako," Thobias alikubali. "Sanduku libaki."

Sangara hakula siku ile, na hakuna aliyekuwa akimngoja. Walirudi ufukweni, Thobias akashuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Sufiani, akaivua pama kichwani mwake.

"Hii naondoka nayo."

"Chukua," Sufiani alisema. "Ilikuwa inaniwasha. Msukuma mwenzio hakuwahi kuifua."

Jioni, wageni walipopungua, Limi alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda. Alichukua kisu, akaikwangua ile rangi ya fedha aliyoipaka tumboni mwa samaki, mpaka mstari wa baba yake ukaonekana wazi, umesogea pale uliposogezwa. Akamwonyesha Herman. Akamwonyesha kila aliyepita na kutaka kuona. Aliwaambia waguse kwa kidole. "Risasi aliiweka akiwa kitandani," alisema. "Pumzi hana, hainuki. Guseni."

Kisha akachagua kipande kipya cha mti, akaanza kumchonga mwenzake. Risasi ya huyu ingekaa upande wa pili, punje moja ya mchele, wala si zaidi.

Herman alikuwa bado amesimama, samaki wa kwanza kiganjani, anamgeuza huku na huku kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Sasa nimfunge upande gani wa mtumbwi?"

"Huyo ni wa kulia," Limi alisema, na kwa kidevu akamwonyesha kushoto.